Nadharia ya michezo kwa anayeanza: chora jedwali lako la kwanza kwa mfano wa taa za dagaa

Maswali ni yale yale kila wiki. Mwanafunzi ananifuata baada ya kipindi: "Mwalimu, hii nadharia ya michezo ni ya kubeti?" Mama anayeanika dagaa Kibirizi, Kigoma, anataka kujua kama itamsaidia kwa mteja wa Dar es Salaam anayemzungusha kulipa. Halafu shemeji yangu, mwenye mtumbwi wa dagaa, akaniuliza swali lililonikalisha chini kuandika: "Shemeji, kwa nini kila mwaka naongeza taa na pesa inazidi kupungua?"

Nimejibu kwa mdomo mara nyingi, nikichora mchangani kwa kijiti. Mchoro wa mchangani haudumu, kwa hiyo nauweka hapa. Ukifuata hatua hizi mpaka mwisho utaweza kuchora mchezo wako mwenyewe, uusome, na ujue pa kuugusa ili ubadilike.

Kwanza majibu ya haraka. Si ya kubeti. Anayebeti anasubiri matokeo ambayo uamuzi wake hauyagusi. Sisi hapa tunazungumzia hali ambayo unachokipata kinategemea uamuzi wa mwenzako, na anachokipata yeye kinategemea uamuzi wako. Hesabu ngumu hazihitajiki: ukijua kujumlisha, kutoa, na kusema ipi kubwa ipi ndogo, unatosha. Wala lengo si lazima kumshinda mtu. Michezo mingi ya maisha yetu ni ile ambayo wote wawili mnaweza kushiba, au wote wawili mkalala njaa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari la hesabu, lile lenye miraba.
- Kalamu mbili za rangi tofauti. Moja ni yako, nyingine ni ya mwenzako. Usitumie moja kwa wote, utachanganyikiwa.
- Namba zako za kweli: gharama, bei, mauzo. Kama huandiki mahesabu, anza kuandika kwa wiki mbili ndipo urudi hapa.
- Mtu mmoja anayeujua upande wa pili. Kama unachora mchezo wako na mnunuzi, tafuta mtu aliyewahi kuwa mnunuzi.
- Uamuzi mmoja tu. Ukija na matatizo matano hutamaliza hata moja.

Nadharia, kwa ufupi sana

Mwaka 1928 mwanahisabati John von Neumann alithibitisha kanuni ya michezo ya watu wawili ambayo faida ya mmoja ndiyo hasara ya mwingine. Mwaka 1944 yeye na mchumi Oskar Morgenstern walichapisha kitabu kikubwa kilichouleta mtazamo huo kwenye uchumi. Mwaka 1950 kijana John Nash akaonyesha jambo pana zaidi: katika mchezo wenye idadi yenye kikomo ya wachezaji na machaguo, kuna walau mahali pamoja ambapo hakuna mchezaji anayefaidika kwa kubadili uamuzi wake peke yake. Mahali hapo huitwa msawazo wa Nash. Mimi darasani napaita mahali pa kutulia, na nitatumia jina hilo hapa. Nash alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1994, pamoja na John Harsanyi na Reinhard Selten. Hayo yanatosha kuanza kazi.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

Liwe swali la kutenda, lenye wakati. "Biashara yangu ifanyeje?" halichoreki. "Usiku wa leo nitoke na taa chache au taa nyingi?" linachoreka. Hilo ndilo la shemeji, na ndilo tutakalolitumia.

Kwa asiyeijua kazi hii: dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza. Taa huwashwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawainua. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za sola na za betri zimeingia kwa wingi. Mitumbwi miwili ikiwa karibu, yenye mwanga mkali zaidi inawavuta dagaa wa jirani.

Hatua ya 2: Taja wachezaji

Mchezaji ni yule ambaye uamuzi wake unabadili matokeo yako, na ambaye naye anafikiria utafanya nini. Kwetu ni wawili: wewe na mwenye mtumbwi wa jirani.

Kosa la kawaida: kuandika "mvua", "soko" au "mwezi" kama wachezaji. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hupumzika kwa sababu taa hazivuti vizuri, lakini mwezi haukuwazii wewe. Hauna faida wala hasara. Hiyo ni hali ya mchezo. Iandike pembeni ya ukurasa. Na "soko" livunje mpaka umpate mtu: ni mnunuzi yupi, anaamua nini?

Hatua ya 3: Orodhesha machaguo ya kila mmoja

Anza na mawili kwa kila mchezaji: taa chache, taa nyingi. Ukishazoea utaongeza.

Hapa nikuonye kwa kosa langu mwenyewe. Jedwali la kwanza nililomchorea shemeji lilikuwa na machaguo hayo mawili tu, na mwezi ulikuwa unakaribia kupevuka. Nilisahau la tatu: kubaki nyumbani. Alitoka usiku mbili akafuata jedwali langu, akarudi na dagaa wasiorudisha hata gharama za mafuta. Hakunilaumu, ila mimi lilinikaa moyoni. Tangu siku hiyo, kabla sijachora, najiuliza: je, mchezaji huyu anaweza kukataa kucheza? Kama anaweza, naandika. Katika mfano huu tuseme giza ni zuri na wote wawili wameshaamua kutoka.

Hatua ya 4: Chora visanduku vinne

Mistari inayolala ni machaguo yako. Safu zinazosimama ni za jirani. Kila kisanduku ni usiku mmoja unaoweza kutokea.

Hatua ya 5: Jaza malipo

Hii ndiyo hatua inayotaka jasho, kwa hiyo twende taratibu. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya somo. Wewe weka zako. Tuseme ndoo moja ya dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia, ni shilingi 12,000. Gharama ya kutoka na taa chache ni 30,000. Gharama ya taa nyingi ni 70,000. Eneo mnalovua lina ndoo 20 usiku huo.

Wote taa chache: mnagawana sawa, ndoo 10 kila mmoja. 120,000 kutoa 30,000 ni 90,000 kila mmoja.

Wewe nyingi, jirani chache: unapata ndoo 15, yeye 5. Wewe 180,000 kutoa 70,000, unabaki na 110,000. Yeye 60,000 kutoa 30,000, anabaki na 30,000. Mkibadilishana nafasi, namba nazo zinabadilishana.

Wote taa nyingi: mwanga umelingana, mnarudi kwenye ndoo 10 kila mmoja. Lakini sasa ni 120,000 kutoa 70,000, yaani 50,000 kila mmoja.

Jedwali kwa maelfu ya shilingi:

| | Jirani: taa chache | Jirani: taa nyingi |
|---|---|---|
| Wewe: taa chache | wewe 90, jirani 90 | wewe 30, jirani 110 |
| Wewe: taa nyingi | wewe 110, jirani 30 | wewe 50, jirani 50 |

Kosa kubwa kuliko yote liko hapa: kujaza malipo ya mwenzako kwa moyo wako. Unaandika "atapata kidogo" kwa sababu unaona anakukosea, au "ataridhika" kwa sababu ungependa aridhike. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Ndiyo maana nikasema uwe na mtu anayeujua upande wa pili. Mkalishe, muulize: ungekuwa yeye, kisanduku hiki kingekuwa na thamani gani kwako? Usibishane na jibu lake, liandike.

Kosa dogo: kusahau kwamba malipo si pesa peke yake. Aibu, uchovu, heshima ya kijiji, kunyimwa mkopo kesho, vyote vina uzito. Kama mtu yuko tayari kupoteza 20,000 asionekane mchoyo mbele ya baba mkwe, basi aibu hiyo kwake ina uzito wa 20,000 au zaidi, na iingie kwenye jedwali.

Hatua ya 6: Funika kwa kiganja

Weka kiganja juu ya safu ya kulia, ibaki ya kushoto tu. Maana yake: tuseme jirani ametoka na taa chache. Wewe unachagua kati ya 90 na 110. Zungushia 110 kwa kalamu yako. Sasa funika safu ya kushoto. Jirani ana taa nyingi. Unachagua kati ya 30 na 50. Zungushia 50.

Rudia kwa jirani, safari hii ukifunika mistari inayolala na kuangalia namba zake tu, kwa kalamu yake. Utazungushia 110 yake, kisha 50 yake.

Kosa: kulinganisha namba yako na ya jirani. Wengi wanatazama kisanduku cha 30 na 110 na kusema "hapa kanizidi". Swali halikuwa nani kamzidi nani. Swali ni hili: akishaamua hivyo, mimi nina heri ipi? Linganisha zako na zako.

Hatua ya 7: Tafuta kisanduku chenye duara mbili

Ni kimoja: wote taa nyingi, 50 na 50. Hapo ndipo mahali pa kutulia. Hakikisha: nikipunguza taa peke yangu nashuka kutoka 50 hadi 30, kwa hiyo sitapunguza. Jirani naye vivyo hivyo. Mmekwama pamoja, na juu yenu kuna kisanduku cha 90 na 90 ambacho wote mnakitamani.

Nilipomwonyesha shemeji alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe jirani si mbaya." Naomba hilo ulishike, maana ndilo linalonifanya niipende elimu hii. Miaka mingi alikuwa anamwona mwenzake mchoyo, na mwenzake akimwona yeye hivyo hivyo. Kila mmoja alikuwa anafanya jambo la akili kwa hali aliyokuwa nayo. Ubaya ulikuwa kwenye mchezo.

Mchezo wa umbo hili una jina duniani kote: mtanziko wa wafungwa. Merrill Flood na Melvin Dresher waliujaribu Marekani mwaka 1950, na Albert Tucker akautungia kisa cha wafungwa wawili wanaohojiwa kila mmoja chumba chake: wakinyamaza wote wanapona kwa adhabu ndogo, lakini kila mmoja anavutwa kumtaja mwenzake.

Hatua ya 8: Usihubiri. Badili mchezo

Ukishajua mmetulia pabaya, kuwaambia watu "tuwe na umoja" hakutabadili namba hata moja kwenye jedwali. Gusa namba. Njia ninazoziamini ni hizi.

*Kurudia.* Kama mnakutana usiku mmoja tu, 50 na 50 ndiyo mwisho wake. Lakini nyinyi ni majirani wa mwalo mmoja. Tuseme mmekubaliana taa chache, na kila mmoja ametamka: ukinigeuka, kesho narudi kwenye taa nyingi. Akikugeuka leo anapata 110 badala ya 90, faida ya 20. Kuanzia kesho kila usiku anapata 50 badala ya 90, hasara ya 40. Usiku mmoja unakula faida yote na kubakiza deni. Ndiyo maana ahadi hushika kati ya watu watakaoonana tena, na hulegea kwa mpita njia.

Karibu mwaka 1980 Robert Axelrod aliendesha mashindano ya programu za kompyuta zilizocheza mtanziko huu tena na tena. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, na iliyoileta alikuwa Anatol Rapoport: anza kwa wema, kisha fanya alichokufanyia mwenzako mara iliyopita. Anzeni hivyo. Ila ongezeni kusameheana kidogo, maana ziwani mtu anaweza kuwasha taa ya ziada kwa sababu amepoteza mwelekeo, na mkianza kulipizana kwa kosa la bahati mbaya mtalipizana hadi msimu uishe.

*Faini yenye hesabu.* Angalia tena jedwali: kuhama kutoka taa chache kwenda nyingi kunaongeza 20, jirani awe ametoka na chache (110 kutoa 90) au nyingi (50 kutoa 30). Kwa hiyo faini inayotozwa kila mara lazima izidi 20,000. Chini ya hapo mtu analipa huku akicheka. Na kama mkosaji anakamatwa mara moja kwa kila mara mbili, faini izidi 40,000. Nimeona kikundi kikiweka faini kwa kusikilizana tu, bila kupima tamaa inayopigana nayo, na kanuni ikafa ndani ya mwezi.

Doria nayo ina hesabu. Mkiweka faini ya 100,000 na mkakagua usiku mmoja kati ya minne, kwa wastani anayevunja kanuni anajitafutia hasara ya 25,000 kwa tamaa ya 20,000. Haimlipi. Lakini hiyo ni kwa sharti moja: asijue ni usiku gani. Mkikagua kila Ijumaa, basi Ijumaa wote ni malaika, siku nyingine sita wanawasha watakavyo, na mafuta ya doria mmelipa bure. Chukueni vizibo vinne vya soda, kimoja mkitie alama, kila jioni mtu avute kimoja bila kutazama. Kikitoka chenye alama, mnatoka. Kuachia kura iamue ni mkakati kamili katika nadharia hii, na wala si uvivu wa kufikiri. Mpiga penalti anayepiga kona moja kila siku anakijua kilio chake.

*Kanuni inayowafunga wote kwa pamoja.* Ziwa Tanganyika lina nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Mwaka 2024 uvuvi upande wetu ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na kufunga huko kulitokana na makubaliano ya nchi hizo. Miezi ile ilikuwa migumu mwaloni, sitaificha. Lakini chora jedwali la nchi mbili, "funga" na "vua", utaona umbo lile lile la taa: ukifunga peke yako, jirani anavua samaki uliowaacha. Kufunga kunaleta maana pale wote wanapofunga.

Kuna waliodhani mali ya wote lazima iharibike, au itaifishwe, au igawiwe watu binafsi. Elinor Ostrom alitumia maisha yake kuangalia watu wa kawaida wanavyotunza malisho, misitu, maji na uvuvi wao, akaonyesha kwamba jamii nyingi hujitungia kanuni zinazodumu, hasa pale watumiaji wenyewe wanapoziweka, wanapolindana, na adhabu inapoanza ndogo na kupanda. Alipata Nobel mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata katika uchumi. Kila ninapopita kwenye kikao cha BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, namkumbuka.

Michezo ya zamu: mteja wa mbali

Jedwali linafaa pale wote mnapoamua bila kujua mwenzako ameamua nini. Mmoja akitangulia na mwingine akimwona, chora mti: shina ni uamuzi wa kwanza, matawi ni majibu. Kisha usome kuanzia kwenye ncha kurudi shinani. Wazee wanaocheza bao kule Ujiji hufanya hivyo bila daftari: kabla ya kushika kete wameshaona kete hiyo itamfungulia mwenzao nini.

Sasa yule mama wa Kibirizi. Mzigo wa dagaa unamgharimu 300,000 pamoja na usafiri, anauuza 400,000, na mteja wa Dar es Salaam ataupata kwa thamani ya 480,000. Akituma kwanza, ncha za mti ni mbili: mteja akilipa anapata faida ya 80,000, asipolipa anabaki na mzigo wa 480,000 bure. Kama ni mteja wa mara moja, unajua atakwenda tawi lipi. Rudi shinani: usitume.

Wengi hukimbilia kusema, "Basi alipe nusu." Ifuate hesabu. Ametanguliza 200,000, mzigo umefika mikononi mwake. Akimalizia anabaki na faida ya 80,000. Asipomalizia anabaki na 280,000. Nusu haijazuia kitu. Tena imezaa shida upande wa pili: muuzaji akishapokea 200,000, kutotuma kunampa 200,000 na kutuma kunampa faida ya 100,000 tu. Sasa wote wawili wana sababu ya kudhulumu.

Mti ukaupenda mpango huu: kianzio kiwe kidogo kuliko faida ya muuzaji, tuseme 50,000, na mzigo ukabidhiwe wakala wa basi mwenye maelekezo ya kutoutoa mpaka iliyobaki iingie kwenye simu ya mama. Pita kila ncha. Muuzaji: kutotuma 50,000, kutuma 100,000, atatuma. Mnunuzi: asipomalizia anapoteza 50,000, akimalizia anapata 80,000, atamalizia. Hakuna aliyeombwa kuwa mwema.

Onyo: mpango huu unamtegemea wakala. Yeye naye ni mchezaji. Mchore.

Pale penye sehemu mbili za kutulia

Dereva anayetoka Kigoma kuingia Burundi kwa mpaka wa Manyovu hubadili upande: Tanzania tunaendesha kushoto, Burundi wanaendesha kulia. Chora jedwali la madereva wawili wanaokutana. Kushoto na kushoto, wote salama. Kulia na kulia, wote salama. Kuchanganya ni ajali. Duara mbili zinaangukia visanduku viwili, na jedwali halitakuambia kipi. Hapo kinachohitajika ni kuambiana, wala si faini: kibao, desturi, au mtu anayeaminika kutangaza mapema. Siku ya kikoba, saa ya mnada, bei ya kuanzia, mengi ni ya aina hii, na watu wanagombana kana kwamba ni mtanziko wa wafungwa. Kabla hujatunga adhabu, angalia kwanza kama watu wamekosa tu taarifa.

Ukikwama

*Hakuna kisanduku chenye duara mbili.* Hujakosea. Ni mchezo kama jiwe, karatasi, mkasi: kila chaguo lina kinacholishinda. Mahali pa kutulia papo, ila ni pa kuchanganya machaguo kwa kura, kama vile vizibo vya doria. Uliza: nikichanganya kwa kiasi gani, mwenzangu haoni tofauti kati ya machaguo yake?

*Kila kisanduku kina duara mbili.* Yaelekea umeweka namba zinazolingana kila mahali. Rudi hatua ya 5, hukuhesabu vizuri gharama.

*Wachezaji ni mitumbwi arobaini.* Usichore safu arobaini. Andika "mimi" upande mmoja na "wengine walio wengi" upande wa pili. Utapoteza undani kidogo, utapata picha. Ila kumbuka kwamba kadiri watu wanavyoongezeka, kumjua aliyekugeuka kunakuwa kugumu, na ile njia ya kurudia inadhoofika. Gawanyeni kwa makundi madogo yanayoonana.

*Jirani hakufanya ilivyoonyesha jedwali.* Kabla hujasema hana akili, jiulize nini anakiona ambacho hukukiandika. Mara nyingi ana deni la tajiri lenye tarehe ya kesho, na mtu wa namna hiyo hahesabu mwezi ujao. Muulize, sahihisha malipo yake, chora upya.

*Mchezo unaisha siku inayojulikana.* Hapa pana hatari. Kama wote mnajua usiku wa mwisho wa msimu, usiku huo hauna kesho ya kuogopa; ukisoma kutoka nchani kurudi nyuma, hata usiku wa kabla yake unaanza kuyumba. Msiache mambo makubwa yategemee siku ya mwisho. Mgao na marejesho yafanyike katikati ya msimu.

*Sina namba kabisa.* Panga kwa nafasi. Kisanduku unachokipenda kuliko vyote kipe 4, kinachofuata 3, kisha 2, na kibaya kuliko vyote 1. Fanya hivyo kwa mwenzako pia, kwa kumuuliza. Kama mchezo wako hauhitaji kuchanganya kwa kura, kiganja na duara vitafanya kazi ile ile. Shilingi utazihitaji pale utakapotaka kuweka faini au kianzio. Hapo anza kuandika mahesabu ya wiki mbili, mwezi ukiwa wa giza, maana ya mbalamwezi yatakudanganya.